Mtu Aliyeondoka Akiwa Amesimama

Watu walimwita Mpole, na jina lilimkaa sawasawa. Alikuwa fundi wa makochi. Ukimletea kochi lililobonyea katikati, lenye kitambaa kilichochoka mpaka rangi haijulikani, alilivua, akang'oa misumari ya zamani mmoja mmoja, akabadilisha mikanda na sponji, akalivalisha upya. Siku ya kulichukua ulianza kwa kuuliza lako liko wapi. Wateja walimpenda kwa kazi, lakini walimpenda zaidi kwa tabia. Ungeweza kumfokea kwamba amechelewesha, ukamwita mwongo mbele za watu, ukapiga meza kwa ngumi. Yeye alikutazama kwa macho yake matulivu na kusema, "Sawa." Mwisho aibu ilikurudia wewe.

Aliyeshirikiana naye katika karakana ile alikuwa mama mtu mzima aliyeshona foronya na mifuko ya mito. Kwa sababu maneno yake yalichoma, alijulikana kama Mama Sindano. Ni yeye peke yake ambaye upole ule haukumvutia.

"Huyu mnamsifu bure," alimwambia mteja mmoja. "Redio iliyozimwa nayo haina kelele."

Asubuhi moja aliingia bwana aliyetaka kochi la kijani na kukuta la buluu. Mpole alikuwa anakata sponji kwa kisu chake kirefu. Yule bwana alipandisha sauti, akasogea karibu, akamnyooshea kidole mpaka kikakaribia pua. Alitukana, akachoka, akatoka. Mpole alikuwa ameshasema "sawa" yake na anaendelea kukata.

Mama Sindano aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akaona sponji nyeupe imegeuka nyekundu.

"Fundi! Damu!"

"Damu gani?" aliuliza Mpole.

Akafuata macho ya yule mama mpaka kwenye kiganja chake cha kushoto. Kilikuwa kimepasuka chini ya kidole gumba, na damu inatiririka hadi kwenye kiwiko. Alikitazama kwa udadisi, kama mtu anayeonyeshwa kitu kilichookotwa njiani.

Muuguzi aliyemshona katika zahanati ya jirani alimuuliza kama hakusikia kitu kisu kilipoingia. Akasema hakusikia. Muuguzi akauliza kama huwa inamtokea, kutosikia. Mpole akasema hapana. Yule muuguzi hakubishana naye. Alifunga bandeji, kisha akamwambia kwamba ghorofani, mlango wa mwisho, kuna mshauri anayezungumza na watu. "Kule hakuna sindano," aliongeza, akacheka. Mpole naye akacheka, akashukuru, akashuka ngazi za mbele kuelekea barabarani. Maumivu yalimfikia alasiri, alipokuwa amekaa anakunywa chai. Yalikuja ghafla na kwa nguvu, mpaka akaweka kikombe chini.

Alikuwa amemdanganya muuguzi. Ilikuwa inamtokea tangu utotoni, na siku hizi ilikuwa inamtokea zaidi, kwa sababu mama yake alikuwa amehamia kwake.

Mama yake alivunjika nyonga. Dada yake Mpole, ambaye ndiye aliyekuwa akiishi naye, alipata uhamisho wa kikazi kwenda mbali, na nyumba aliyopewa ilikuwa ghorofani, ya kupanda kwa ngazi tu. Hapakuwa na mjadala. Mama akaja na masanduku yake, fimbo yake ya kutembelea, na sauti yake. Alikuwa mtu wa kupenda kwa nguvu zote. Alimwita mwanawe "roho yangu" mbele ya wageni, alimchagulia kipande kizuri mezani, aliuliza kama amelala vizuri. Halafu kitu kidogo kikimuudhi, kijiko kikianguka au mlango ukibamizwa, sauti ilibadilika mara moja, bila dalili, kama mtu mwingine ameingia ndani ya gauni lile lile.

Kila fimbo ile iliposikika kwenye korido, mabega ya Mpole yalipanda. Yeye mwenyewe hakujua. Mkewe ndiye aliyeona.

Mkewe aliuza dawa katika duka la dawa, na alikuwa mtu wa maneno. Alifunga naye ndoa kwa sababu ya utulivu wake, maana yeye alitoka katika nyumba ambayo baba aliondoka bila kuaga na hakurudi. Alidhani mtu mtulivu haondoki. Lakini baada ya miaka kadhaa aligundua jambo lililomtia hofu: kila walipohitilafiana, huyu mume alikuwa anatoweka akiwa amekaa mbele yake. Macho yalibaki wazi, kichwa kilitikisika, "sawa" ilitoka, lakini ndani hapakuwa na mtu. Na kadiri alivyotoweka, ndivyo mkewe alivyopaza sauti, na kadiri sauti ilivyopanda, ndivyo alivyozidi kwenda mbali.

"Nagombana na ukuta mimi," alimwambia siku moja. "Afadhali hata ukuta, una rangi."

"Sawa," alisema Mpole.

Binti yao alikuwa bado hajaanza shule, na kwa kuongea kwake bila kituo walimwita Chiriku. Kwake yeye hili halikuwa fumbo. "Baba ameenda," alikuwa akisema huku akimpungia mkono mbele ya macho. "Baba amerudi." Walicheka. Ilikuwa ni mchezo, mpaka Jumamosi ile.

Ilikuwa mchana. Mkewe alikuwa kazini, anatarajiwa wakati wowote. Mpole alikuwa jikoni, akiandaa chai ya mama yake na kupanga vikombe kwenye sinia. Chiriku alikuwa sebuleni na bibi yake, anakunywa maziwa juu ya kochi ambalo baba yake alilivalisha upya kwa heshima ya mgeni huyo. Mpole alifika mlangoni na sinia mkononi. Akaona gilasi ikiinama. Akaona maziwa yakisambaa kwenye kitambaa.

Kitu cha pili alichokiona kilikuwa uso wa mkewe, karibu sana na wake. Alikuwa amemshika mkono. Nyuma ya sketi yake Chiriku alikuwa ameng'ang'ania, shavu moja limevimba na lina alama za vidole. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti, anahema, anatazama sakafu. Na sinia lilikuwa bado mkononi mwa Mpole, limenyooka. Chai haikumwagika hata tone.

"Ulikuwa wapi?" mkewe aliuliza.

"Hapa."

"Ulikuwa hapa! Mtoto anapigwa mbele yako, anakuita, sauti yake naisikia kutoka getini, na wewe umeshika sinia kama mhudumu wa harusi!"

Mpole alifungua mdomo. Hata "sawa" haikutoka.

"Nilimvuta suruali," Chiriku alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nilimvuta suruali Baba, lakini hakuja."

Mkewe alimbeba mtoto, akaingia chumbani, akafunga mlango. Hakubamiza. Mpole aliweka sinia mezani na kwenda bafuni, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alijaribu kukumbuka kofi, au kilio, au mkono mdogo kwenye suruali yake. Hapakuwa na kitu. Kulikuwa na maziwa, halafu uso wa mkewe, na katikati pamekatwa. Sehemu ile iliyokatwa aliijua. Alikuwa nazo nyingine nyingi, za zamani, na hakuwahi kumwambia mtu.

Jumatatu hakwenda karakana. Alikwenda zahanati, akapanda ngazi.

Mshauri alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mafua yasiyoisha. Chumba chake kilikuwa na viti viwili, feni iliyolalamika, na dirisha lililotazama paa la bati la duka la vyuma. Mpole alikaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa kwingine.

"Nataka uniambie jambo moja tu," alisema. "Mimi ni mwendawazimu?"

"Kwanza hicho kiti ukikalie chote," alijibu mshauri, akapenga kamasi. "Kimekaa vibaya, najua. Wewe ndiye fundi, utanisamehe."

Mpole akasogea nyuma. Kisha akaeleza. Alianza na kisu, akaenda kwenye sinia, na akamalizia kwa mtoto anayevuta suruali.

"Hizo safari zako," aliuliza mshauri, "huwa unakwenda wapi?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Wote walimuuliza alikuwa wapi, kwa hasira. Huyu aliuliza kama mtu anayetaka kupajua.

"Zamani nilikuwa nakwenda juu ya kabati," alisema Mpole taratibu. "Kulikuwa na kabati chumbani kwa mama. Nilipokuwa napigwa, nilikuwa najiona kutoka juu. Naona kitoto kimesimama pale chini, na mtu mzima anakipiga, na kitoto hakilii. Nilikuwa nakihurumia, lakini hakikuwa mimi. Siku hizi hata kabati hakuna. Ni kama taa inazimwa tu."

"Na baada ya kupigwa?"

"Mama alikuwa ananikumbatia. Analia. Ananiogesha kwa maji ya uvuguvugu, ananiambia mimi ndiye roho yake. Baba alikuwa ameshafariki, tulikuwa mimi na yeye na dada yangu mchanga."

"Ulipoogopa, ukiwa mtoto, ulikimbilia kwa nani?"

"Kwa mama."

"Na uliyemwogopa ni nani?"

Feni ilizunguka.

"Mama," alisema.

"Basi mtoto yule afanye nini?" mshauri aliuliza, bila kuharakisha. "Kila mtoto akiogopa, mwili unamwambia: kimbilia kwa mtu wako. Ndivyo tulivyoumbwa. Sasa mtu wako ndiye huyo huyo anayekutisha. Mguu mmoja unataka kwenda mbele, mwingine unataka kurudi nyuma. Kupigana naye huwezi, u mdogo. Kutoroka huwezi, huna pa kwenda na bado unampenda. Inabaki njia moja tu: kuondoka ukiwa umesimama pale pale. Wewe uliipata hiyo njia peke yako, na ilikusaidia ukavuka. Huo si wendawazimu."

"Lakini mtoto wangu aliniita."

"Ndiyo. Njia ile haijui kwamba umekua. Ikisikia sauti ya mama yako, inakuchukua, haikuulizi. Na ikikuchukua, inabeba vyote. Haichagui maumivu ikaacha upendo. Kisu hukukisikia, na mtoto hukumsikia."

Mpole aliinamisha kichwa. Machozi hayakuja, lakini kifua kilibana, na yeye alilitaja hilo kwa mshangao: "Kifua kinanibana."

"Vizuri," alisema mshauri. "Maana yake upo."

Alipofika nyumbani siku ile, kabla ya kitu kingine chochote, alimwita Chiriku. Walikaa kizingitini, ambapo jua lilikuwa linaingia. Uvimbe ulikuwa umekwisha, lakini mtoto alikaa mbali naye kidogo, jambo ambalo hakuwa akilifanya.

"Jumamosi uliniita," alisema Mpole. "Sikuja. Nilikosea, na wewe hukufanya kosa. Maziwa yanamwagika tu, hata ya wakubwa."

Chiriku alifikiri. "Ulikuwa umelala na macho wazi?"

"Kama hivyo."

"Sasa mimi nikuamshe vipi? Nikupige kibao?"

Mpole karibu acheke, kisha akaona jinsi mtoto alivyokuwa anauliza kwa dhati, uso umekunjana kama wa mtu mzima mwenye majukumu.

"Usiniamshe," alisema. "Hiyo si kazi yako. Ni kazi yangu, na nimeanza kujifunza. Wewe kazi yako ni kucheza na kutuchosha kwa maswali."

"Basi nina swali."

"Uliza."

Akauliza kwa nini paka hawana nyusi, na kabla ya jibu alikuwa ameshasogea karibu.

Mkewe hakusogea haraka hivyo. Alikuwa ameshamwambia mumewe waziwazi kwamba mama yake hatabaki na mtoto peke yake tena, na Mpole alikubali. Lakini mkewe alikuwa amezoea "sawa" zake, hakuziamini. Mshauri alipoomba waje wote wawili, alikuja amevaa koti la kazini na mikono ameikunja kifuani.

"Mimi si mgonjwa," alitangaza.

"Hata yeye si mgonjwa," alisema mshauri. "Niambie, yeye akishapotea, wewe mwilini unasikiaje?"

Mkewe alitazama dirishani. "Nasikia kama mlango umefungwa na mimi niko nje," alisema. "Kama baba alivyotufanya. Basi nagonga. Nagonga kwa nguvu."

"Na yeye ndani anasikia nini?"

Akamgeukia mumewe. Mpole alisema kwa shida, "Nasikia mama anakuja."

Walitazamana. Miaka yote ile walikuwa wanatishana bila kukusudia, mmoja kwa kunyamaza, mwingine kwa kupaza sauti, na kila mmoja alidhani mwenzake ndiye mwenye moyo wa jiwe. Mkewe aliikunjua mikono. Hakusema neno la huruma. Hakuwa mtu wa hayo. Alisema, "Kumbe," na njiani kurudi alimshika mkono, ule wenye kovu, akaushika mpaka nyumbani.

Mambo hayakunyooka kwa sababu yalieleweka. Mshauri hakumruhusu kukimbilia habari za utotoni. Alisema kwanza ajifunze kubaki pale alipo, ndipo wafungue masanduku ya zamani. Akamfundisha mambo ambayo Mpole aliyaona ya kitoto: kukandamiza nyayo sakafuni, kutaja vitu anavyoviona, kugusa kitu na kusema kikoje. Kwenye kugusa alikuwa na bahati, kwa maana vidole vyake vilijua vitambaa kuliko macho. Mteja akipandisha sauti, alitelezesha kidole juu ya kitambaa cha mahameli au kodrai kilichokuwa mezani, akajiambia moyoni, hii ni laini, hii ina mistari, niko karakana, huyu ni mteja, amekasirikia rangi. Mara nyingine ilifanya kazi. Mara nyingine alizinduka mteja ameshaondoka.

Kisha kukaja jambo ambalo hakulitarajia. Alianza kuumia. Alijigonga kidole gumba kwa nyundo, akapiga ukelele mpaka watu wa duka la jirani wakaja kuangalia. Maji ya moto yalikuwa ya moto. Wimbo kwenye redio ya Mama Sindano ulimliza katikati ya kazi, na hakujua kwa nini. Na alianza kukasirika. Bwana mmoja alipomwita mvivu, Mpole aliweka mkasi chini na kumwambia, "Uvivu ni wako, umelikalia hili kochi miaka bila hata kulipangusa." Bwana akabaki mdomo wazi.

"Siku hizi una midomo," alisema Mama Sindano bwana yule alipotoka. Alikata uzi kwa meno. "Wateja watapungua. Lakini angalau nina mtu wa kuongea naye."

Kuna wiki alimwambia mshauri kwamba harudi tena, kwamba zamani ilikuwa afadhali, hakuumwa na kitu. Mshauri alisema anamwelewa na kwamba kiti kitakuwepo. Wiki moja ikapita bila yeye. Iliyofuata alirudi, amebeba sponji mpya ya kile kiti, akakitengeneza kwanza, ndipo akakaa.

Kwa mama yake alichelewa kufika. Alijua atafika huko, na mwili ulijua, maana aliahirisha kwa visingizio vya kila namna. Mwishowe ikaja siku ambayo walikuwa wawili tu uani. Kila asubuhi alimsaidia mazoezi ya mguu: alichuchumaa mbele ya kiti, akashika kisigino cha mama yake, akakunja goti na kulinyoosha. Mguu ulikuwa mwepesi, ngozi laini kama karatasi. Aliukunja na kuunyoosha, na akasema bila kuinua macho:

"Mama, unakumbuka ulivyokuwa unanipiga?"

"Nani hakupigwa?" mama alijibu papo hapo. "Ulikuwa mtoto mpole lakini. Hukusumbua. Hata kulia hukulia."

"Sikuwa mpole. Sikuwepo."

"Maneno gani hayo? Huyo mtu wa zahanati ndiye anakujaza hayo? Nimekulea peke yangu, sikukulaza na njaa hata siku moja!"

Sauti ilikuwa imebadilika. Mpole alisikia taa inataka kuzimwa. Pembe za ua zilianza kufifia. Akakandamiza nyayo. Saruji ni baridi, alijiambia. Kisigino kina joto. Mimi ni mtu mzima na huyu ni kikongwe mwenye nyonga mbovu.

"Kweli hukunilaza na njaa," alisema. "Na ulinipiga mpaka nikawa najiona kutoka juu ya kabati. Yote mawili ni kweli. Sijaja kugombana. Nakuambia kwa sababu Chiriku aliniita na sikuweza kuja. Hutampiga tena mtoto wangu, Mama. Hata kofi moja."

Mama yake aliuondoa mguu mikononi mwake. Akadai fimbo, akajikokota ndani, na siku ile hakula nao.

Mpole alikaa pale pale kwenye saruji. Alikumbuka kila neno. Aliyarudia moyoni kuhakikisha: la kwanza, la katikati, la mwisho. Hakuna palipokatwa.

Siku mbili tatu zikapita za kimya na milango iliyofungwa. Kisha, asubuhi nyingine, mama yake alikaa mwenyewe kwenye kile kiti cha uani na kunyoosha mguu, kama kawaida. Mpole akachuchumaa. Walikuwa katikati ya zoezi mama aliposema, akitazama kamba ya nguo:

"Mimi sikumbuki yote."

Mpole akaunyoosha mguu.

"Nakumbuka mwanzo. Nakumbuka kijiko kimeanguka, au umechelewa dukani. Halafu nakumbuka mkono unaniwasha, na wewe umesimama unanitazama kama picha. Katikati sijui. Sijawahi kujua." Alivuta ukingo wa gauni lake. "Nilikuwa nazinduka nakuta umeshaumia. Ndipo nakushika nakuogesha. Nilidhani ni shetani. Nilimwogopa huyo mtu, na hakuwa mwingine ila mimi."

Mpole aliendelea kushika kisigino. Alikuwa amejiandaa kwa kukana, kwa machozi, kwa "roho yangu". Hakujiandaa kukuta kwamba mtu aliyemtisha mpaka akaondoka, yeye pia alikuwa hayupo. Kwamba katika chumba kile chenye kabati, mara nyingi hapakuwa na mtu hata mmoja.

"Nani alikuwa anakupiga wewe?" aliuliza.

Mama alipunga mkono, kama mtu anayefukuza inzi. "Wamekufa wote hao." Kisha akaongeza, "Nilikuumiza. Sina la kujitetea."

Mpole hakumwambia kwamba amemsamehe, kwa sababu hakuwa na uhakika, na mshauri alikuwa amemfundisha asiseme "sawa" ambayo haipo. Alimwambia, "Nimekusikia, Mama." Kisha akaukunja mguu, akaunyoosha, mpaka zoezi likaisha. Mama yake alibaki katika nyumba ile. Sheria ya kutobaki na mtoto peke yake nayo ilibaki, na hakuipinga. Akiona hasira inampanda, alijifunza kugonga fimbo sakafuni na kwenda chumbani kwake, akinung'unika njia nzima. Si siku zote aliwahi, lakini mkono hakuuinua tena.

Miezi ilipita. Chiriku alianza shule, akajifunza kusoma mabango na kubishana kwa hoja. Jioni moja, kabla ya giza, alitaka kutoka nje kucheza, na mvua ilikuwa inanyesha na alikuwa ametoka tu kuugua kifua. Mpole akasema hapana. Mtoto akabembeleza. Hapana. Akaanza kulia, kisha akatupa kiatu, kisha akajitupa sakafuni na kupiga kelele ambazo hakuwahi kumpigia baba yake hata siku moja. Zote alikuwa akimwekea mama yake.

"Sikupendi! Baba mbaya! Ondoka!"

Mpole alisikia kifua kinabana, na masikio yakaanza kuvuma. Mlango wa kuondokea ulikuwa wazi, alikuwa anaujua vizuri, ungemchukua mara moja. Akavua viatu. Akashuka, akakaa chini kwenye sakafu ile ile, mgongo ukiegemea kochi, karibu na miguu midogo iliyokuwa inarusha mateke.

"Siondoki," alisema. "Kasirika tu. Nje huendi, na mimi siondoki."

Teke moja lilimpata gotini. Liliuma kweli. "Teke hapana," akasema, akakishika kile kiguu kwa upole, akakiachia. Chiriku alipiga kelele zaidi, kama anayepima kina cha maji. Mpole alikuwa anaogopa, na alibaki na hofu yake pale sakafuni. Alisikia mvua kwenye madirisha, alisikia harufu ya kitambaa kipya, alimwona mwanawe mwenye hasira, uso umelowa, kamasi mpaka kidevuni. Hakumwona kutoka juu. Alimwona kutoka pembeni, wakiwa urefu mmoja.

Kelele zikawa kilio, kilio kikawa kwikwi. Kisha Chiriku akajikokota kwa makalio, bila kumtazama, kama vile amesogea kwa bahati mbaya, akaangusha kichwa juu ya mkono wa baba yake. Kilikuwa kizito na cha moto, na kililowesha shati lote.

Walikuwa hivyo mkewe alipoingia kutoka kazini, mwavuli unachuruzika. Alitazama kiatu kilichoangukia juu ya rafu, akawatazama wao wawili chini.

"Kuna nini hapa?"

"Tumegombana," Chiriku alisema, kwikwi zikimkata.

"Na Baba?"

"Ndiyo. Na Baba."

Mkewe aliuegemeza mwavuli ukutani. Macho yake yalikuwa kwa Mpole, na Mpole alimtazama, moja kwa moja.

"Haya," alisema mkewe, akavua koti. "Nani kashinda?"

"Bado," alijibu Mpole. "Ndiyo kwanza tumepumzika."